Kitenzi Kinachotangulia "Kwamba": Mhadhara juu ya Amri, Shaka na Adabu katika Kiingereza na katika Kiswahili



Hapa Ihumwa, Dodoma, tulipokutana jioni hii palikuwa, kwa kumbukumbu za wazee walioketi mbele yangu, makazi ya wakulima wa uwele na mtama na wafugaji wa ng'ombe kando ya njia iendayo Morogoro. Na leo pana bandari kavu na reli mpya, na kwa jirani zetu wa Mtumba umesimama Mji wa Serikali, ambao ofisi zake za kwanza zilifunguliwa rasmi tarehe 13 Aprili 2019, miaka 46 baada ya chama cha TANU kukata shauri, mwaka 1973, kwamba makao makuu ya nchi yahame Dar es Salaam yaje Dodoma. Nawaomba mtazame jinsi nilivyoieleza habari hiyo. Nimesema kwamba shauri la mwaka 1973 lilikuwa makao makuu yahame. Sikusema kwamba yalihama. Kati ya yahame na yamehama ilipita miaka 46 ya barua, bajeti, ahadi na maahirisho, na katika Kiswahili tofauti yote hiyo huchukuliwa na kiambishi kidogo kilichokaa katikati ya kitenzi na irabu moja iliyokaa mwisho wake.

Mwingereza akitaka kuyasema maneno hayo hana irabu ya namna hiyo. Yampasa atafute kitenzi cha pili, chepesi kwa umbo na kizito kwa maana, akitie ndani ya maneno yafuatayo "that", aseme "that the capital should move". Na akitaka kulegeza kauli yake, au kuitia shaka, au kuipamba kwa adabu, hukitanguliza kitenzi cha jamii ile ile kabla ya "that" yenyewe, akasema "it may be that", au "it would seem that", au "I should think that". Misafara iliyokuwa ikipita hapa Ugogo kutoka Bagamoyo kwenda Tabora, ikiwalipa watemi wa Kigogo hongo ili ipate njia na maji, ilikuwa na mpagazi kwa kila mzigo. Na Kiingereza hufanya vivyo hivyo, huukodia kila uzito wa amri au wa shaka mpagazi wake, ilhali Kiswahili aghalabu huubeba uzito huo mwilini mwa kitenzi chenyewe.

Wapagazi hao wa Kiingereza si wengi, na tabia yao ni ya pekee. Wako "can", "may", "shall", "will" na "must", pamoja na "could", "might", "should" na "would", ambayo kwa asili yalikuwa maumbo ya wakati uliopita ya yale manne ya kwanza. Hayakubali ile "s" ambayo vitenzi vingine huipokea anapotajwa mtu wa tatu aliye mmoja, wala hayana umbo la kutajia tendo kama vile sisi tusemavyo kwenda na kuja. Na asili ya maana zao yastahili kuangaliwa kwa makini, maana baadaye nitairejea: "can" lilikuwa kujua, "may" lilikuwa kuwa na nguvu, "will" lilikuwa kutaka, na "shall", katika Kiingereza cha kale, lilikuwa kuwiwa, yaani kuwa na deni la mtu. Mwaka 1653 mwanachuoni John Wallis, akiandika kwa Kilatini kitabu cha sarufi ya Kiingereza, aliweka kanuni ya lini mtu aseme "shall" na lini aseme "will", kwamba moja latabiri tu na jingine laahidi au latisha, kwa kadiri ya nani anayesema na anamsema nani. Na wanafunzi wa Kiingereza wakafundishwa kanuni hiyo kwa karne baada ya karne, hata hapa petu, ingawa Waingereza wenyewe hawakuifuata daima.

Tena wenye Kiingereza, wenyewe kwa wenyewe, hawakubaliani. Mmarekani, akitaka kusema kwamba wakubwa walidai karani ajiuzulu, hukiacha kitenzi uchi baada ya "that", bila msaidizi na bila ile "s", na uchi huo ndio alama yake ya amri. Mwingereza wa Uingereza, kwa mazoea ya muda mrefu, hupendelea kutia "should" hapo. Sisi tuliorithi Kiingereza cha maofisi kutoka kwa Waingereza tukairithi "should" hiyo, tukaizoea katika nyaraka na katika kumbukumbu za vikao, hata watu wengi miongoni mwetu wakadhani ya kuwa hakuna njia nyingine ya kuagiza kwa staha, na kwamba Kiswahili nacho, ili kiwe lugha ya ofisi, sharti kitafutiwe neno moja litakalosimama mahali pa "should" kila linapotokea. Dhana hiyo ndiyo niliyokuja kuipinga.

Kiswahili kina njia mbili zilizo wazi baada ya vitenzi vya kusema na kutaka, na mtoto wa miaka minne huzijua. Ya kwanza ni ya habari: nasikia kwamba amekuja, najua kuwa hayupo. Ya pili ni ya matakwa: nataka aje, naomba asiondoke. Tena hata pale ambapo "kwamba" hutokea katika zote mbili, irabu ya mwisho huzitenga bila shida, kwani "alisema kwamba wanakuja" ni habari, na "alisema kwamba waje" ni agizo, wala msikilizaji hahitaji neno la tatu la kumfahamisha. Edward Steere, ambaye baadaye alikuwa askofu kule Zanzibar, aliieleza "e" hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1870 juu ya Kiswahili cha Unguja, na Bibi Ashton akaipa nafasi kubwa katika sarufi yake ya mwaka 1944 ambayo walimu wengi waliitegemea. Walakini wote wawili waliikuta tayari imekwisha kukomaa, kwa sababu irabu hiyo si mali ya pwani peke yake, ni urithi wa lugha za Kibantu, na ninyi Wagogo mnaonisikiliza mnayo katika lugha ya mama zenu.

Masheikh wa pwani waliosoma nahau ya Kiarabu hawakuona ajabu katika jambo hili. Waarabu wana "an" na wana "anna": baada ya ile ya kwanza kitenzi cha mudhari huwa mansubu, na hapo ndipo yanapokaa matakwa na maamrisho, na ile ya pili hutangulia habari ambayo msemaji anaithibitisha. Mwanafunzi wa chuoni, Lamu au Unguja, alipofasiri kwa mdomo mbele ya mwalimu wake, aliifikia "e" ya Kiswahili kwa ile ya kwanza na "kwamba" au "ya kuwa" kwa ile ya pili, pasipo mtu kumwambia kwamba lugha yake ina upungufu.

Wala hakupungukiwa na daraja za ulazima. Fikihi ilimfundisha hukumu tano, wajibu, suna, mubaha, makuruhu na haramu, na katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya watu wengi wa pwani, faradhi na wajibu kwa jumla huhesabiwa kuwa kitu kimoja. Na kwa kuwa kila siku aliulizwa na watu kuhusu udhu, ndoa, urithi na deni, ilimbidi awe na maneno ya kila siku ya kuzipima hukumu hizo kwa Kiswahili. Ndiyo maana tunayo lazima na sharti, tunayo yapasa na yabidi, tunayo yafaa na yastahiki, tunayo yajuzu na haijuzu, tunayo hapana budi. Lugha iliyokuwa na ngazi hiyo yote ilipokutana na "should", neno ambalo Waingereza wenyewe hulitumia kwa wajibu, kwa nasaha, kwa dhana na kwa adabu pasipo kutofautisha, haikuwa na haja ya kuiga utata huo.

Hapa nataka nikae kidogo, kwa maana ndipo penye utajiri. Chukueni neno "pasa". Mzee wa zamani husema yanipasa niende, yakupasa ulipe, yawapasa wakuu wa idara walete taarifa. Na katika kila kauli hizo mwenye wajibu ametajwa mara mbili, mara ya kwanza ndani ya neno la ulazima lenyewe, kwa kile kiambishi kinachoonyesha ulazima umemwangukia nani, na mara ya pili katika kitenzi cha tendo, kinachoonyesha nani atakayetenda. Husema vilevile imenilazimu nirudi, imetubidi tungoje. Husema sina budi, huna budi, hatuna budi, na neno hilo "budi", lililotoka katika Kiarabu likiwa na maana ya njia ya kuepuka, hubadilisha mwenyewe kwa kila mtu, hata asiye na njia ya kuepuka ajulikane. Katika Kiingereza "must" hukaa vile vile kwa watu wote, na tendo likigeuzwa kuwa la kutendwa, mwenye wajibu hutoweka kabisa pasipo mtu kugundua.

Sasa sikilizeni barua za maofisi ya siku hizi. "Taarifa inapaswa kuwasilishwa kabla ya Ijumaa." Inapaswa na nani? Iwasilishwe na nani? Taarifa haina miguu ya kujipeleka, na sentensi nzima haina mtu hata mmoja. Aliyeiandika hakuwa mvivu. Alikuwa amelifuata umbo la Kiingereza neno kwa neno, msaidizi kwa msaidizi, akifikiri kwamba urefu ule ndio urasmi wenyewe, na kumbe angeandika "wakuu wa idara walete taarifa kabla ya Ijumaa" angekuwa amepunguza maneno, ameongeza nguvu, na amemtaja anayedaiwa. Nimeona barua ambayo kila aya ilianza na "inatakiwa" au "inapaswa", na watumishi watano wakaisoma, na kila mmoja akaamini kwa moyo safi kwamba maagizo yale yalimhusu mwenzake.

Pana kauli nyingine ya namna hiyo ambayo siwezi kuihukumu kwa ukali ule ule. Kiingereza husema "it should be noted that", nasi tumeipatia umbo letu wenyewe: ifahamike kwamba, ikumbukwe kuwa, ieleweke ya kwamba. Hapo hatukukodi mpagazi. Ile "e" imefanya kazi yote, na sauti ya kauli ni tamu, yenye kina, yafaa kwa mtu aliyesimama mbele ya kaumu kubwa ambayo hawezi kuitaja mmoja mmoja. Ninachokitahadharisha ni kuitumia kwa jambo lililo na mwenyewe. "Ikumbukwe kwamba kodi hulipwa kabla ya tarehe 30" ni kauli inayomwacha mlipa kodi nje ya mlango. "Kumbukeni kwamba mwalipa kodi kabla ya tarehe 30" humwingiza ndani na kumketisha.

Nikija kwenye adabu, naona ya kuwa Kiswahili cha Tanzania kimejitengenezea njia yake mwenyewe, na njia hiyo ni nzuri. Mwingereza mstaarabu, asiyetaka kukukanusha usoni, husema "I should have thought that", na kwa kurudi nyuma katika wakati uliopita hujitenga kidogo na maneno yake mwenyewe, kana kwamba dhana ile alikuwa nayo jana na leo anakuachia wewe uamuzi. Mswahili wa leo, dukani au ofisini, husema "nilikuwa naomba unisaidie", naye hakuomba jana, anaomba sasa hivi. Amerudi nyuma kwa hatua moja kwa ajili ya heshima ile ile. Hayo lugha mbili zimeyafikia kila moja kwa mguu wake. Lakini mbunge anaposimama hapa Dodoma akasema "Mheshimiwa Spika, naomba nichukue nafasi hii niseme kwamba", ametumia kitu ambacho Kiingereza hakina kwa ukamilifu huo: ombi lililo wazi, na baada yake "e" ya ridhaa, nichukue, niseme, maana yake kusema kwake kunasubiri idhini ya mwingine. Wako wanaoicheka kauli hiyo kwa urefu wake. Mimi naitetea, kwa sababu imebeba utaratibu wa baraza, ambamo hakuna asemaye kabla ya kuruhusiwa.

"Ningependa kusema kwamba" ni jambo jingine. Umbo hilo la "-nge-" kwa desturi yetu hudai sharti lake, ningependa kama ningeweza, ningependa lau ningekuwa na nafasi. Na mzee asiyezoea lugha ya mikutano akilisikia hubaki akingoja sharti hilo litajwe, nalo halitajwi. Halikosi mahali, walakini afadhali "napenda", au "naomba", ambayo ni maneno yenye miguu miwili.

Sasa niingie katika jambo zito kuliko yote, nalo ni sheria. Mwaka 2021, kwa Sheria Namba 1 ya mwaka huo ya marekebisho ya sheria mbalimbali, Bunge liliamua kwamba lugha ya sheria za nchi na ya mahakama iwe Kiswahili, isipokuwa pale ambapo haki yenyewe inadai Kiingereza kitumike. Na tangu hapo kazi ya kuzifasiri sheria za nchi, nyingine zilizoandikwa kabla ya baba zetu kuzaliwa, imekuwa mikononi mwa wanasheria na wanalugha ambao baadhi yao wanafanya kazi mwendo mfupi kutoka hapa tulipo. Nawaheshimu sana watu hao. Mchana kutwa wanashindana na maneno mawili madogo, "shall" na "may", yanayojaa katika kila kifungu.

Kwa Kiingereza maneno hayo yana ulinzi. Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, katika kifungu chake cha 53, ilieleza ya kuwa palipo na "may" mtu amepewa hiari ya kuyatumia au kutoyatumia mamlaka yake, na palipo na "shall" kazi ile haina budi kutekelezwa. Na hata kwa ulinzi huo majaji hawakupata raha: Mahakama ya Rufani, katika rufani moja ya jinai ya mwaka 2006, iliona kwamba "shall" ya Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai haiwezi kuchukuliwa daima kuwa ni amri isiyo na hiari, ila isomwe pamoja na kifungu kilichokuwa wakati huo cha 388 katika sheria hiyo hiyo, kinachouliza kama kasoro iliyotokea imepoteza haki. Ikiwa neno moja lililoelezwa na sheria yake lenyewe limewasumbua majaji wa rufani kiasi hicho, itakuwaje likitiwa Kiswahili kwa maumbo matatu au manne kwa kadiri ya mkono wa kila mfasiri?

Desturi iliyoenea, tangu katika Katiba yetu ya mwaka 1977, ni kuitia "shall" kwa "-ta-": kutakuwa na cheo fulani, mkurugenzi atahakikisha kwamba, waziri atateua. Mahali pa kuasisi chombo sina ubishi. Sheria ikisema kutakuwa na tume, tume huwapo kwa kauli hiyo. Taabu huanza mahali pa wajibu. Nimewaambia kwamba "shall" asili yake ni deni. Na "-ta-" yetu, je? Wataalamu wengi wa sarufi wanakubaliana kwamba ni "taka" iliyokatwa, na ushahidi wake umebaki hai katika "atakayekuja", ambamo neno zima limesalia. Kwa hiyo palipokuwa na deni tumeweka matakwa. Simaanishi kwamba asili ya neno ndiyo maana yake ya leo. Namaanisha kwamba mwananchi akisoma "mwajiri atampa mfanyakazi barua" anaweza kwa haki kabisa kuisoma kama habari ya jambo litakalotokea, na mwajiri akaisoma hivyo hivyo, na barua isije. Lakini "mwajiri hana budi kumpa mfanyakazi barua", au "ni lazima mwajiri ampe mfanyakazi barua", haisomeki kwa namna mbili. Rai yangu ni kwamba "-ta-" iachiwe kuasisi na kutabiri, na wajibu upewe "lazima" ikifuatwa na "e", neno moja tu katika vitabu vyote vya sheria, hata likichosha sikio, kwa kuwa katika sheria uzuri wa kubadilisha maneno ni hatari kwa msomaji.

Na "may" je? Wafasiri wengi huandika "waziri anaweza kutunga kanuni", na "weza" hilo limebeba mambo matatu kwa pamoja, uwezo wa mtu, ruhusa aliyopewa, na uwezekano wa jambo kutokea. Sioni kwa nini "yajuzu" imeachwa misikitini, hali watu wa dini zote wanaifahamu inapokanushwa. Na kama masikio ya maofisi hayatakubali kuirudisha, basi "ana hiari ya kutunga kanuni" ingetosha, nayo ingemwonyesha mwananchi kwamba waziri asipotunga hajavunja sheria.

Limebaki jambo la shaka, na shaka haina nyumba kubwa kuliko kizimba cha shahidi. Mahakama zetu za mwanzo zimetumia Kiswahili tangu zamani, lakini katika mahakama za juu yake, kwa miaka mingi sana, shahidi alisema kwa Kiswahili, hakimu akasikiliza kwa Kiswahili, na mkono wa hakimu ukaandika kwa Kiingereza. Shahidi mmoja alisema huenda akawa ni yeye. Mwingine akasema yamkini ni yeye. Mwingine, mzee wa kale, akasema asaa awe ni yeye, na hapo alichanganya shaka na tumaini, kwa kuwa alitaka mwizi wa ng'ombe zake apatikane. Mwingine akasema naona ni yeye, na "naona" hiyo yaweza kuwa ya macho na yaweza kuwa ya moyo. Kauli zote nne zilikuwa na njia ya kuishia katika "it might be", au katika "I think that", na aliyechagua ni mwandishi, hakuwa shahidi. Kisha majaji wa rufani, katika mji mwingine na baada ya miaka, wakayapima maneno ambayo hakuna mtu aliyeyatamka kizimbani. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 mwenendo unaweza kuandikwa kwa lugha ile ile iliyosemwa, na hakimu anayesikia "naona" ana nafasi ya kumuuliza shahidi pale pale, kabla hajashuka, aliona kwa macho au anadhani, na kuyaandika majibu kama yalivyotoka kinywani mwake.